Mume Wangu Ana Miaka Tisa

Jua likianza kupoa kwenye vilima vya Muleba, mkoani Kagera, bibi wa Kihaya hukaa chini, miguu ameinyoosha, mkungu wa ndizi uko ubavuni na kisu kidogo mkononi. Anamenya. Vidole vimeizoea kazi hiyo kiasi kwamba haangalii hata anachomenya. Macho yako njiani, kwa mjukuu anayepanda na dumu la maji kichwani. Utomvu umeshamganda viganjani ukawa mweusi. Mtoto akitua dumu tu, anazoa maganda na kumpelekea mbuzi, wala hakutumwa.

"Mume wangu, leo umechelewa. Ulipita kwa nani?"

Mume huyo ana miaka tisa. Anajibu kwamba mke aliyezeeka namna hii angeshukuru kwamba bado anarudiwa nyumbani. Bibi anacheka mpaka kisu kinamponyoka.

Utani wa namna hii kati ya bibi na mjukuu, au babu na mjukuu, upo kwa makabila mengi ya Tanzania, na wageni huuchukulia kama kichekesho tu. Una kazi kubwa zaidi ya hiyo. Baba na mwana, mama na bintiye, wana heshima inayowatenganisha: yako maneno wasiyotamkiana, na iko miili wasiyoitazama. Kwa bibi na mjukuu pazia hilo halipo. Ndiyo maana mzee ambaye angekufa kwa aibu kama mwanawe wa kiume angemshika mkono kumpeleka chooni, anamwachia mjukuu amwongoze, amkande mgongo, ampake mafuta miguuni, amsuke nywele zilizobaki. Watu waliounda desturi hii walijua kwamba uzee una mahitaji yasiyosemeka, na wakatafuta njia ya kuyafanya yasemeke kwa kicheko.

Zamani mtoto alipelekwa kwa bibi baada ya kuachishwa ziwa, akakaa huko mwaka au miaka. Alijifunza kupalilia kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, kutandaza majani makavu chini ya migomba, kuchuma kahawa, na kumpelekea mgeni zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo Wahaya huzitafuna mahali ambapo wengine wangekaribisha kwa chai. Bibi naye alipata miguu ya kutumwa na sikio la kusimuliwa. Wazazi walikuwa karibu, wakiwa na nguvu, wakileta chumvi na mafuta ya taa.

Kisha wazazi wakatoweka. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la kitambaa kilichovushwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Utafiti uliofanyika Bukoba mjini mwaka 1987 ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana virusi. Kwa kuwa Wahaya huzika ndani ya kibanja, migomba ikawa inasimama kati ya makaburi mapya. Bibi aliyekuwa akitarajia kutunzwa akajikuta na watoto watano wa kulisha, mgongo umepinda na mapato hakuna. Desturi ilibaki ileile, lakini kile kizazi cha kati kilichokuwa kinaibeba kilikuwa kimelala ardhini.

Mwaka 2003 Serikali ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee. Mwaka huohuo, huko Nshamba, wilayani Muleba, ulianza mradi mdogo uitwao Kwa Wazee. Ulifanya jambo jepesi kulieleza: uliwapa wazee maskini pensheni ya kila mwezi, shilingi 6,000, na nyongeza ya shilingi 3,000 kwa kila mjukuu wanayemlea. Ripoti ya tathmini iliyotoka mwaka 2008 ilibeba jina lenye maana ya chumvi, sabuni na viatu vya shule, maana hivyo ndivyo vilivyonunuliwa. Waliopata pensheni walikula vizuri kuliko wenzao wasiopata, na hofu ya kesho iliwapungua.

Kwa anayezijua nyumba hizi, sabuni ina uzito wake. Mtoto asiye na sare safi hubaki nyumbani, na akibaki hutumwa kuomba kwa jirani. Bibi anayeishi kwa kuomba hataniwi tena. Anahurumiwa, hata na mjukuu wake. Elfu sita zilimrudisha kwenye nafasi ya mtoaji, na utani ukapata pa kusimama. Hapo ndipo mipango mingi ya kusaidia wazee hukosea: huhesabu mzee peke yake, au yatima peke yake, ilhali hawa wawili ni nyumba moja na chungu kimoja.

Zanzibar ilianza kuwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na kuendelea mwezi Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi, kutoka mfuko wa Serikali yenyewe. Bara inastahili kufika huko. Bibi wa Muleba amelea raia wa nchi hii bila mshahara kwa miaka arobaini.

Mwezi Novemba mvua zikinyesha, senene, wale panzi wanaoliwa, huja. Alfajiri watoto hukimbia na ndoo na chupa, wanarudi wamelowa, wanamwaga mzigo wote kwenye ungo mapajani mwa bibi. Yeye hukwanyua mabawa na miguu, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Alipokuwa msichana, mila ilimruhusu kuwakusanya na kuwakaanga, ikamkataza kuwala. Sasa wakishaiva kikaangoni, mjukuu anamletea wachache kiganjani, wangali wa moto, aonje kama chumvi imekolea.