Sehemu ya Juma na Ujira wa Kibarua

Wengi wetu tusomapo Biblia nyumbani huchagua. Mwenye huzuni huifungua Zaburi, mwalimu hulishika somo alipendalo, na Mambo ya Walawi hukaa na kurasa safi kama zilivyotoka kwa mpiga chapa. Hata nyumbani kwetu ndivyo ilivyokuwa. Mwaka huu tuliazimu kuijaribu desturi ya Wayahudi, ambao hawachagui.

Kwao Torati, yaani vile vitabu vitano vya Musa, imegawanywa sehemu 54, na kila sabato husomwa sehemu yake katika sinagogi, kutoka gombo la ngozi lililoandikwa kwa mkono. Majuma mengine husomwa sehemu mbili pamoja, ili zote zitoshe katika mwaka. Watu saba huitwa mbele, mmoja baada ya mmoja, gombo lisomwapo. Hata ikifika siku iitwayo Simchat Torah, maana yake Furaha ya Torati, husoma habari ya kufa kwake Musa, na papo hapo hurudi kwenye kuumbwa kwa mbingu na nchi. Zamani walikuwako katika Palestina waliotumia kama miaka mitatu kuimaliza. Desturi ya mwaka mmoja ilitoka kwa Wayahudi wa Babeli, nayo ndiyo iliyoenea. Wala si habari za ng'ambo tu. Karibu na Mbale, katika Uganda, wako watu waitwao Abayudaya, ambao wazee wao walimfuata Semei Kakungulu alipoishika njia ya Kiyahudi mwaka 1919, naye aliijua Torati kwa kuisoma Biblia ya Kiganda.

Basi asomaye hivyo haendi kulitafuta neno. Neno lina siku yake, nalo humjia akiwa tayari au hayuko tayari. Sisi hatukuwa tayari.

Lilikuwa juma la sehemu iitwayo Kedoshim, maana yake Watakatifu, ndiyo Walawi sura ya 19 na 20. Huangukia Aprili au Mei, na kwetu huo ni wakati wa masika na palizi. Mzee mmoja alikuwa ametupalilia mahindi siku nne. Alhamisi jioni alikuja mlangoni, jembe begani, akasimama. Tukamwambia, "Mzee, utuwie radhi, leo hatuna fedha. Njoo Jumamosi." Akajibu, "Haya," akaenda zake. Lakini fedha zilikuwako sandukuni. Tulikuwa tumeziweka kwa ajili ya mabati, nasi hatukutaka kuzipunguza kabla hazijaja nyingine. Ujira wake wote usingenunua bati moja.

Usiku ule, baada ya chakula, zamu ya kusoma ilikuwa ya binti yetu mwenye miaka kumi. Sura ya 19 ni kama siku ya gulio, kila jambo limo: kuwacha mama na baba, kuacha pembe za shamba bila kuvunwa ili maskini apate, kutomlaani kiziwi, mizani za haki. Alipofika mstari wa 13, kwamba ujira wa mtu wa kuajiriwa usilale kwako hata asubuhi, akanyamaza. Kisha akauliza, "Baba, yule babu wa palizi amelipwa?" Tukamjibu kwamba atalipwa Jumamosi. Akaendelea, na alipoufikia mstari wa 18, wa kumpenda jirani kama nafsi yako, hakuhitaji kutazama kitabu. Neno hilo twalijua sote kwa moyo tangu shuleni. Lile la ujira liko mistari mitano tu nyuma yake, nasi tulikuwa tukiliruka miaka yote.

Walimu wa Kiyahudi wa kale walilipima jambo hili kwa makini sana. Kibarua wa mchana, walisema, ana haki ya kudai ujira wake usiku kucha. Na aliyefanya kazi usiku, mchana kutwa. Walisema tena kwamba asipodai, mwenye kazi hajavunja sheria. Twakiri kwamba tulijaribu kujificha katika neno hilo la mwisho. Mzee hakudai, alisimama tu. Lakini mtu mzima akisimama mlangoni jioni, jembe begani, asimame namna gani tena ndipo ahesabiwe kuwa amedai? Walimu hao waliuliza pia: mtu huyu alipanda ngazi, akaning'inia mtini na kuihatarisha roho yake kwa ajili ya nini, kama si ujira wake? Na Bwana wetu, katika mfano wa shamba la mizabibu, asema kwamba mwenye shamba aliamuru watu walipwe ilipokuwa jioni. Tulidhani jioni ile ni pambo la hadithi, kumbe ni sheria ya Musa.

Tukachukua taa, tukaenda. Tulimkuta ameketi kizingitini. Mkewe alikuwa ameenda kwa jirani kuazima unga. Alizihesabu fedha mara mbili chini ya taa, akazifunga katika pindo la nguo. Akasema, "Kumbe mmekuja usiku!" Binti yetu akamweleza habari ya kitabu, naye akasikiliza hata mwisho, akatushukuru. Sisi tulisema machache.

Njiani mmoja wetu akauliza, "Na ule mstari wa 11, je, tuliusikia?" Hatukuusikia. Tulipofika tuliutafuta: ni wa kutoiba wala kuambiana uongo. Binti alikuwa ameusoma waziwazi mbele yetu, nasi tulikuwa tukifikiri mabati.

Jumamosi mzee hakuja, maana hakuwa na la kufuata. Jumatatu tulimwendea, tukamwambia kwamba Alhamisi ile fedha zilikuwako sandukuni. Alikuwa akilinoa jembe lake juu ya jiwe. Akasema, "Nilijua," akaendelea kunoa. Baadaye kidogo akauliza kama lile shamba la ng'ambo ya mto limekwisha kupaliliwa.

Tukamwambia bado.