Soma kwanza kibao cha mashine, kisha uliza bei

Wengi wetu tuliosoma agronomia leo tuko na miradi: nguruwe, ng'ombe wa maziwa, kuku, ao tunashauri wale wenye kuwa nayo. Na mtu akianza kufikiria usafi, anataka ile mashine ya kuosha kwa maji ya nguvu, sawa zile za vijana wanaoosha magari. Ni wazo zuri. Dawa ya kuua vijidudu haifanyi kazi juu ya mavi yaliyokauka. Lazima uchafu utoke kwanza, na kwa brosi utachoka mbele ya kumaliza chumba kimoja. Kwetu huku Kivu ya Kusini, mahali homa ya nguruwe inaweza kumaliza zizi zima, usafi si mchezo.

Lakini mimi nilinunua vibaya.

Patroni wa shamba moja, upande wa Kabare, aliniomba nimchagulie mashine. Zilikuwa mbili: moja dola 140, ingine dola 310. Zote ziliandikwa bar 150. Nikachukua ya 140 na nikajisifu kwamba nimelinda feza za mradi. Mwezi wa tatu, kitufe cha pistole kikaanza kukwama. Siku moja kijana wa kazi aliachilia kitufe, maji yakaendelea kutoka, pistole ikageuka mkononi, na maji yakampita kwenye kidole.

Kidonda kilikuwa kama cha sindano. Damu hata kidogo. Akaniambia: «Agronomu, ni kidogo tu, tumalize kazi.» Nami nikakubali. Usiku mkono ulivimba mpaka kwenye kiwiko, na kesho yake munganga alitugombeza wote wawili juu tulichelewa. Alimpasua ili kutoa maji machafu yaliyoingia ndani. Kidole kiko, lakini hakikunjiki tena.

Hapo ndipo nilianza kusoma kile ningepaswa kusoma mbele. Tairi ya gari ndogo iko na bar 2 na kidogo. Ngozi ya mtu inaweza kutobolewa na bar 7 hivi. Bar 150 ni karibu kilo 150 kwa kila sentimita mraba moja. Maji yakiingia hayabaki pale yalipotoboa, yanafuata mishipa na nyama ndani ya mkono, pamoja na mavi na sabuni yaliyobeba. Kwa hiyo tundu dogo ni jambo la kukimbiza hospitali saa ile ile, hata kama hapaume sana.

Sasa dola 170 za tofauti zilikuwa zinalipia nini? Pistole inayofunga yenyewe ukiachilia, na iko na loketi ya kuizuia. Valvu inayopunguza nguvu mbele tiyo haijapasuka. Waya na swichi ambazo maji hayaingii. Kuna kanuni ya kimataifa ya mashine hizi, IEC 60335-2-79, inayosema vitu hivi vijaribiwe namna gani.

Herufi CE peke yake zisikudanganye. Mara nyingi ni mtengenezaji mwenyewe anayejitangazia kwamba amefuata sheria za Ulaya. Ile yetu ilikuwa nazo, kubwa kabisa, lakini kibao hakikuwa na jina la mtengenezaji, anwani, mwaka, wala namba ya mashine. Omba karatasi ya tangazo lake, na ulinganishe namba. Alama ya GS iko na uzito zaidi, juu inatolewa na maabara ingine, na jina la maabara linapaswa kuandikwa pale pale. Muuzaji akionyesha karatasi ya OCC ya mzigo wake, vizuri zaidi.

Tena, mashine nzuri haiponyeshi umeme mbaya. Prizi isiyo na waya wa udongo inaua, na wewe uko umesimama ndani ya maji. Weka disjonkta ya kukata umeme kwa miliampea 30. Na ile ya esansi usiitumie ndani ya zizi lililofungwa: moshi wake uko na gesi isiyo na harufu, mtu analala tu.

Wenye biashara wananiambia dola 310 ni mingi. Sheria ya kazi ya 2002 inamtaka patroni alinde afya ya mfanyakazi. Kijana wetu alikuwa wa kulipwa kwa siku, hakuandikishwa ku CNSS, kwa hiyo operesheni, dawa na wiki sita bila kazi vilitoka mfukoni mwa patroni. Vilipita bei ya mashine zote mbili pamoja. Kidole sijakihesabu.

Tulinunua ile ingine. Ya zamani ilibaki ku depo, na mwezi uliopita jirani alikuja kuuliza kama tunaiuza. Patroni aliniangalia. Nilichukua kisu, nikakata waya na tiyo mbele yake.