Eliya alilishwa kwanza



Ebola iliyotangazwa Mangina tarehe 1/8/2018 iliisha tarehe 25/6/2020. Kati ya Kivu ya Kaskazini na Ituri iliua watu zaidi ya 2,200. Waliopona walizidi 1,100, nasi tuliwapokea kanisani kwa vigelegele. Lakini kati yao wako wasiolala. Wengine wakisikia ambulansi wanatetemeka. Mama mwingine anajiuliza kila siku: mbona mimi nilipona na mtoto wangu akafa?

Na watu wa Riposte je? Wengi walikuwa waumini wa makanisa yetu. Kijana alizika mwili wa jirani huku anatupiwa mawe, na jioni watu wa nyumbani wanaogopa kukaa naye. Kazi ilipoisha tulisema amekula pesa ya Ebola. Nani alimuuliza analalaje?

Sisi wahubiri tumezoea kusema ni pepo, au ni imani haba. Pepo wapo, hatukani. Lakini tumekemea hadi saa nane ya usiku mtu aliyehitaji usingizi tu! Moyo ulioona kifo karibu unabaki macho hata hatari ikiisha, kama mlinzi ambaye hakuambiwa zamu yake imekwisha. Ndiyo sababu ya ndoto mbaya, hasira za ghafula, kichwa kuuma, kukimbia watu.

Someni 1 Wafalme 19. Eliya alikuwa ametoka kufanya kazi ya Mungu Karmeli, tena kazi kubwa. Yezebeli akamtisha, akakimbia, akaketi chini ya mretemu akiomba afe. Malaika hakumkemea. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Swali la Mungu lilikuja baadaye, huko Horebu, baada ya siku 40 za safari. Na Eliya alilia malalamiko yaleyale mara mbili, Mungu akimsikiliza.

Basi mkimtembelea ndugu wa namna hiyo, bebeni chakula. Akitaka kusema, msikilizeni. Asipotaka, msimlazimishe, wala msimsimamishe madhabahuni atoe ushuhuda. Hali ikipita mwezi, mpelekeni kituo cha afya huku maombi yakiendelea. Akipewa dawa, asiambiwe aziache kwa ajili ya mfungo. Na akisema anataka kufa, mpelekeni siku hiyohiyo, msimwache peke yake hata usiku mmoja.