Je, Wajua? Umbo la Kichwa cha Risasi Hutangulia Uzito

Je, wajua kwamba mwindaji wa kulungu huko Marekani anayejijazia mwenyewe risasi za .30-30 za Winchester Model 1894 hutazama umbo kabla ya uzito? Bunduki hiyo hupanga risasi ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, ncha ya moja ikiegemea kitako cha iliyo mbele yake, palepale penye fataki. Ncha kali ikitikiswa na kishindo inaweza kuilipua, ndiyo maana vichwa vyake vya kawaida ni bapa. (Siku hizi zipo pia ncha laini kama mpira.)

Umbo likishachaguliwa, ndipo unapoanza ubishi wa kichwa cha greni 150, yaani gramu 9.7, na greni 170, gramu 11. Wapenzi wa 170 hudai kizito hupenya zaidi, na hawajakosea. Lakini chepesi hutoka kwa takriban mita 730 kwa sekunde dhidi ya 670, hivyo nguvu za vichwa hivyo viwili mdomoni mwa mtutu hukaribiana. Kwa kulungu aliye msituni, ndani ya mita 100, ubishi ni mkubwa kuliko tofauti yenyewe. Ila ukihama 150 kwenda 170, usihame na kipimo kilekile cha baruti: kichwa kizito hupandisha shinikizo, na kila uzito una jedwali lake.