Mzee Akiyumba, Apimwe kwa Kipimo Kipi?

Kiti, saa ya kuhesabu sekunde na mita 3 za sakafu vinatosha kumpima mtu mzima usawa wa mwili katika hospitali yoyote ya wilaya. Mgonjwa anaketi ameegemea kiti. Akiambiwa "haya", anainuka, anatembea mwendo wake wa kawaida hadi kwenye alama, anageuka, anarudi na kuketi. Kama ana bakora, anatembea nayo. Kipimo hicho cha Inuka Utembee kilichapishwa mwaka 1991 na Diane Podsiadlo na Sandra Richardson, nchini Canada, wakiboresha kingine cha 1986 ambacho hakikuwa na saa: mpimaji alitazama tu, kisha akatoa alama kati ya 1 na 5. Siku hizi taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, humhesabu mzee anayetumia sekunde 12 au zaidi kuwa yuko katika hatari ya kuanguka.

Kipimo hiki kimeenea kwa sababu ni chepesi na hakina gharama. Lakini wepesi huo una kasoro yake. Chukua wazee wawili, kila mmoja ametumia sekunde 14. Wa kwanza alijisukuma kwa mikono mara mbili ndipo akainuka, maana magoti yanamuuma. Alipokwisha kusimama alitembea vizuri tu. Wa pili aliinuka bila shida, ila alipofika kwenye alama miguu ikaganda, akageuka kwa vihatua vidogo vidogo, shingo na kiwiliwili vikizunguka kwa pamoja. Wa kwanza anahitaji kuimarishwa mapaja. Wa pili achunguzwe, huenda ana ugonjwa wa Parkinson. Kwenye faili wote wameandikiwa 14, na daktari atakayelisoma kesho hataona tofauti yao. Mwaka 2014 uchambuzi uliojumuisha tafiti nyingi za wazee wanaoishi majumbani ulionyesha kwamba uwezo wa kipimo hiki kumbaini atakayeanguka ni mdogo, na waandishi wake wakashauri kisitegemewe peke yake.

Kipimo kinachoheshimika zaidi vyumbani mwa fiziotherapia ni cha Berg, kilichoanzishwa mwaka 1989 na Katherine Berg na wenzake, nao pia wa Canada. Kina kazi 14: kukaa bila kuegemea, kusimama macho yamefumbwa, kuokota kiatu sakafuni, kujizungusha mzunguko mzima, kusimama kwa mguu mmoja na nyinginezo. Kila kazi ina alama 0 hadi 4, jumla 56, na huchukua kama dakika 20. Kwa mgonjwa wa kiharusi anayeanza kujifunza upya kusimama, naona hakuna kinachokishinda, kwa kuwa kinayaona maendeleo madogo ambayo Inuka Utembee haiwezi kuyaona. Mtu asiyeweza kutembea hata hatua moja, saa ya nini?

Ila idadi yake isomwe kwa uangalifu. Watafiti waliowapima wazee walionyesha mwaka 2009 kwamba mwenye alama kati ya 45 na 56 anapaswa kupanda walau alama 4 ndipo tuwe na hakika kwamba amebadilika kweli. Mwenye alama 25 hadi 34 apande 7. Kwa hiyo familia inayofurahia kuona baba ametoka 47 hadi 49 isiharakishe kumnyang'anya mkongojo. Na wapo wanaopata 56 kamili na bado wanaanguka.

Wanaanguka kwa sababu Berg hakimshtui mtu. Anayesimama kwenye daladala hajui dereva atakanyaga breki saa ngapi. Kinachomwokoa ni hatua ya haraka ambayo mguu unaitupa kabla hajafikiri. Hatua hiyo inapimwa na Mini-BESTest, kipimo cha mwaka 2010 kilichofupishwa kutoka kile kirefu cha Fay Horak wa Oregon, Marekani. Mgonjwa anaegemeza mwili kwenye mikono ya mpimaji, na mpimaji anaiondoa ghafla. Baadaye anarudia Inuka Utembee huku akihesabu kurudi nyuma kwa kutoa tatu tatu. Wapo wanaosimama kabisa ili wapate kuhesabu, na hao ndio wa kuhofiwa wanapovuka barabara huku wakizungumza kwa simu. Jumla ni alama 28, kwa kazi 14 za kama robo saa. Kisijaribiwe nyumbani: anayeachiwa lazima awe na mtu aliyefundishwa kumdaka.

Kuna jambo linalonikera katika vipimo vyote hivi: kuinuka kunapimwa kutoka kitini tu. Mama zetu wengi wanainuka kutoka mkekani, kwenye msala, kwenye kigoda mbele ya mafiga, na usiku kwenye choo cha kuchuchumaa. Daktari Claudio Gil Araújo wa Brazil ana kipimo cha kuketi chini na kuinuka, alama 5 za kushuka na 5 za kupanda. Kila mkono au goti linalotumika kujisaidia linaondoa alama 1, na kuyumba kunaondoa nusu. Kinapima nguvu na ulaini wa viungo pamoja na usawa, na mwenye nyonga mbovu asilazimishwe. Hata hivyo kiko karibu zaidi na maisha ya Mtwara au Lamu, na ningependa vyuo vyetu vya fiziotherapia vikifanyie utafiti kwa wazee wetu, badala ya kuazima viwango vya watu wanaokula mezani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wazee wengi huficha kwamba walianguka, wakiogopa kuzuiwa kwenda shambani au msikitini. Basi kabla ya saa na rula, mpimaji aulize kwa upole: umeanguka mwaka huu? Unahisi kuyumba? Una hofu ya kuanguka? Nawe uliyemleta mama kliniki, usiridhike kuambiwa jumla. Omba uonyeshwe ni kazi ipi iliyomshinda, kisha uliza mazoezi aliyoandikiwa yanaigusaje kazi hiyo.