Bunia: Diski ya pili ikipotea, hadithi inakatikia hapo

Kioo cha televisheni kinakuwa cheusi, kisha yanatokea maneno machache yanayoomba diski ya 2. Mchezaji anafungua kifuniko cha mashini bila kuizima, anaondoa diski ya kwanza, anaweka ya pili na kufunga. Sekunde chache zinapita, laser inatafuta njia yake, na hadithi inaendelea pale ilipokuwa imeachwa.

Katika mji kama Bunia, makao makuu ya mkoa wa Ituri, sekunde hizo zina hatari yake. Umeme ukikatika kabla ya mchezaji kuhifadhi kazi yake, masaa yote ya jioni yanapotea. Diski ya pili ikiwa na mikwaruzo, mchezo unasimama. Na kama diski hiyo ilibaki kwa rafiki aliyehama mtaa, hakuna tena hadithi. Wengi kati ya watu waliocheza PlayStation ya kwanza wakiwa vijana, leo wakiwa papa na mama wa familia, wanafahamu mwanzo wa michezo ambayo hawakuona mwisho wake.

Kwa nini mchezo moja ulihitaji diski mbili, tatu ao nne? Jibu linapatikana katika ukubwa wa vitu na bei yake.

Diski ya CD inabeba karibu megabaiti 650 hadi 700. Wakati PlayStation ya Sony ilipotoka nchini Japani tarehe 3 Desemba 1994, kiasi hicho kilionekana kuwa kikubwa sana. Mpinzani wake, Nintendo 64, aliyekuja mwaka 1996, aliendelea kutumia kaseti za plastiki ambazo hata zile kubwa zaidi hazikupita megabaiti 64. Kaseti ilikuwa na faida: ilifungua mchezo haraka, na haikuogopa mikwaruzo. Lakini kuitengeneza kulikuwa na gharama kubwa, na nafasi yake ilikuwa ndogo. CD ilikuwa rahisi kuchapwa. Kama moja haikutosha, kampuni iliongeza ya pili bila kuvunja mfuko.

Ndiyo sababu kampuni ya Square ya Japani, iliyokuwa ikifanya kazi na Nintendo kwa miaka mingi, ilihamia kwa Sony. Matunda ya uamuzi huo yalikuwa Final Fantasy VII, iliyotoka Japani tarehe 31 Januari 1997 ikiwa na diski tatu. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo ilifika Ulaya, ikiwa pia na toleo la Kifaransa. Kifaransa hicho kilichekwa na wengi kwa sababu ya makosa ya tafsiri, lakini kwa mchezaji wa inchi inayosoma Kifaransa, kilikuwa mlango. Mchezo wa aina hii unasomwa kama kitabu. Asiyeelewa maneno hajui aende wapi wala azungumze na nani.

Kilichojaza diski hizo tatu kilikuwa hasa video. Ramani ya dunia, vijiji, adui na silaha vilichukua nafasi ndogo, na sehemu kubwa ya vitu hivyo ilirudiliwa kwenye kila diski ili mchezaji aweze kutembea popote bila kubadilisha diski kila dakika. Video za sinema ndizo zilizogawanywa: za mwanzo kwenye diski ya kwanza, za katikati kwenye ya pili, za mwisho kwenye ya tatu. Ni kama msafiri mwenye mifuko mitatu: ndani ya kila mfuko ameweka sufuria ile ile, lakini nguo ni tofauti.

Watengenezaji walijifunza pia kutumia badiliko la diski kama pazia. Diski ya kwanza ya Final Fantasy VII inafungwa muda mfupi baada ya kifo cha Aerith, mmoja wa wahusika wanaopendwa zaidi. Mchezaji anabaki na uzito huo moyoni, halafu anaambiwa ahifadhi na abadilishe diski. Kusimama huko kunafanya kazi kama mwisho wa sura.

Baada ya hapo njia ilifunguka. Final Fantasy VIII ya mwaka 1999 na Final Fantasy IX ya mwaka 2000 zilikuja na diski nne kila moja. Resident Evil 2, mwaka 1998, iligawanya diski mbili kwa wahusika wawili: moja ya Leon, nyingine ya Claire. Gran Turismo 2, mwaka 1999, iliweka mashindano ya haraka kwenye diski moja, na kazi ndefu ya kununua na kutengeneza magari kwenye nyingine.

Mchezo uliowatesa zaidi wenye kopi ulikuwa Metal Gear Solid, wa mwaka 1998, wenye diski mbili. Katikati ya hadithi, mchezaji anatakiwa kumuita mhusika Meryl kwa redio, na anaambiwa kwamba namba ya mawimbi iko nyuma ya kisanduku cha CD. Wengi walizunguka ndani ya mchezo wakitafuta kisanduku hicho. Kumbe kilichotajwa ni kisanduku cha kweli, kile cha plastiki kilichonunuliwa dukani: nyuma yake kulikuwa na picha inayoonyesha 140.15. Aliyekuwa na diski iliyokopiwa, ndani ya mfuko wa plastiki bila karatasi yoyote, hakuwa na mahali pa kutazama. Ilibidi ajaribu namba moja baada ya nyingine, ao aulize aliyetangulia. Katika inchi zetu, ambako kopi ndizo zilizotembea zaidi kuliko diski za asili, namba hiyo ilikuwa habari ya thamani, ya kupokezana mdomo kwa mdomo.

Kuna jambo jingine ambalo wakaaji wa Ituri wanapaswa kulikumbuka kuhusu miaka hiyo. Wakati michezo ya diski nne ilipokuwa ikisifiwa Tokyo, Paris na New York, Ituri ilikuwa ikiungua. Vita vilivyoanza mwaka 1999 vilifikia kilele mjini Bunia mnamo Mei 2003, na mwezi wa Juni wanajeshi wa Umoja wa Ulaya, wakiongozwa na Ufaransa, walitumwa mjini katika operesheni iliyoitwa Artémis. Kwa kijana wa Bunia wa wakati huo, swali halikuwa la diski ya pili. Familia zilizokimbia zilibeba watoto, sufuria na godoro. Ndiyo maana hapa michezo hiyo ilifika kwa wengi ikiwa imechelewa, kama vitu vya mtumba, baada ya watu wa kwingine kuichoka.

Vita na mashini hizo havikuwa mbali kama inavyofikiriwa. Mwaka 2000, mwaka ambao PlayStation 2 ilitoka, bei ya madini ya tantalum ilipanda ghafla katika soko la dunia, kisha ikaanguka mwaka 2001. Tantalum inatokana na koltani, na inatumiwa kutengeneza vipande vidogo vinavyotunza chaji ya umeme ndani ya simu, kompyuta na mashini za michezo. Mashariki mwa Kongo, hasa katika Kivu, watu walikimbilia mashimo, hadi ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega. Mwezi wa Aprili 2001, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitoa ripoti iliyoeleza namna utajiri wa Kongo ulivyokuwa ukiporwa, koltani ikiwa ndani yake.

Wengine baadaye walisema PlayStation ndiyo iliyoleta vita. Hilo ni kuzidisha. Vita vilikuwa na sababu nyingi, na simu pamoja na kompyuta zilihitaji tantalum pia. Wanunuzi waliojaza maghala kwa kuogopa upungufu walichangia pia kupandisha bei. Hata hivyo, si uongo kusema kwamba udongo wa mashariki ya Kongo ulisafiri hadi kwenye viwanda, na ukarudi miaka mingi baadaye ukiwa mashini ya mtumba, iliyopitia Uganda na kuvuka mpaka wa Mahagi ao Ziwa Albert hadi soko la Bunia.

Mashini hizo zilipofika, zilikuta maisha yenye sheria zake. Kadi ndogo ya kuhifadhi ya PlayStation ya kwanza ilikuwa na kilobaiti 128 tu, zilizogawanywa katika vyumba 15. Ni kidogo kuliko picha moja ya simu ya leo. Lakini ndiyo iliyobeba safari yote ya mchezaji: diski ilikuwa na hadithi ya kila mtu, kadi ilikuwa na hadithi yake mwenyewe. Haikuhitaji umeme ili kukumbuka. Mtu aliweza kuitia mfukoni, akaenda kwa jirani mwenye grupu ao pano ya jua, akaendelea kutoka pale alipoishia, mradi jirani awe na diski inayofaa.

Pale umeme unapokatika bila kuaga, mchezaji wa michezo mirefu anajifunza nidhamu: kuhifadhi kila anapopata nafasi. Yote ambayo hayajahifadhiwa yanakaa ndani ya kumbukumbu ya muda ya mashini, megabaiti mbili tu, na yanafutika mara moja umeme ukienda.

Vyumba vya michezo navyo vina hesabu yake. Anayelipisha kwa mechi moja ao kwa muda anataka wateja wabadilishane. Mpira wa miguu unafaa: dakika chache, wawili wanacheza, wengine wanashangilia, anayeshindwa anasimama. Mchezo wa masaa 40 wenye diski nne hauna faida kwa mwenye chumba, na ni ghali kwa mchezaji. Kwa hiyo hadithi ndefu zilibaki nyumbani, kwa mdogo anayekaa chini na kumsomea yaya maneno ya Kifaransa wakati yaya ameshika manete.

Je, DVD haikumaliza tatizo? Kwa sehemu, ndiyo. Diski moja ya DVD inabeba gigabaiti 4.7, ao karibu 8.5 ikiwa na tabaka mbili, na PlayStation 2 iliitumia. Mchezo wa Resident Evil 4, mwaka 2005, ulihitaji diski mbili ndogo kwenye GameCube ya Nintendo, lakini moja tu kwenye PlayStation 2. Kisha historia ikajirudia. Xbox 360 ilibaki na DVD wakati PlayStation 3 ilichukua Blu-ray, yenye gigabaiti 25 ao 50. L.A. Noire, mwaka 2011, ilikuwa diski tatu upande wa Xbox na moja upande wa PlayStation.

Leo hata Blu-ray haitoshi. Red Dead Redemption 2, iliyotoka Oktoba 2018, ilikuja na diski mbili. Final Fantasy VII ilipotengenezwa upya, sehemu yake ya kwanza ya mwaka 2020 na ya pili ya mwaka 2024 zote zilikuja na diski mbili. Lakini maana imebadilika. Diski moja ni ya kumwaga data ndani ya mashini, mara moja tu. Nyingine ni ya kucheza. Hakuna tena pazia katikati ya hadithi, na mchezaji haamki kwenye kiti.

Kampuni zinasukuma watu hatua nyingine mbele: kununua bila diski yoyote, kwa kupakua kwenye intaneti. Mwaka 2020 PlayStation 5 ilitoka pia katika toleo lisilo na nafasi ya diski. Kwa mkaaji wa Bunia, hesabu inafaa kufanywa. Mchezo wa gigabaiti 150, kwa mwendo wa megabaiti moja kila sekunde bila kukatika, unachukua karibu masaa 42. Na anayenunua megabaiti kwa vifurushi vya simu anajua bei ya kila moja. Zaidi ya hayo, mchezo uliopakuliwa umefungwa kwenye akaunti. Hauwezi kuazimwa kwa jirani, hauwezi kuuzwa sokoni, wala kuachiwa mdogo.

Diski, pamoja na kero zake, iliweza kufanya yote hayo. Basi mwenye nazo bado azitunze. Afute diski kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, asizungushe. Asifikiri upande wenye picha hauna maana: kwenye CD, data iko chini kabisa ya rangi ile, na mkwaruzo wa juu unaweza kuua kuliko wa chini. Dawa ya meno inaweza kulainisha mkwaruzo mdogo wa upande wa chini, lakini hairudishi kilichochubuka juu. Na kama PlayStation ya zamani inakataa kusoma, wazee wa mchezo duniani kote walijua kuigeuza kichwa chini miguu juu ili laser iliyochoka ipate nafuu. Mara nyingine ilikubali.

Zaidi ya yote, asitenganishe diski za mchezo moja. Atakayeazima ya kwanza aazime na ya pili, na kadi yake mfukoni. Mji huu umeshaona hadithi nyingi zikikatwa katikati kwa sababu ambazo hakuna mtu aliyezichagua. Zile zinazoweza kufika mwisho, ni afadhali zifike.