Askari Mdogo wa Kahawa Yako

Bwana mkulima, na wewe mama mwenye shamba, siku moja utaingia katika kahawa yako na kuona kitu cheupe kama unga kati ya buni. Ukikigusa, vidole vitanata. Majani ya chini yamekuwa meusi kama yamepakwa masizi, na sisimizi wanapanda na kushuka katika shina. Hao weupe ni vidung'ata. Hufyonza maji ya mti, na maua na buni changa huanguka.

Mara moja utataka kuchukua bomba la dawa. Ngoja kidogo. Soma kwanza habari hii, maana huenda ukaua rafiki yako pamoja na adui yako.

Wazee wa Meru na Embu walioanza kupanda kahawa katika miaka ya 1930 walikuta vita hii imekwisha kuanza. Kidung'ata wa kahawa alionekana Kenya mnamo mwaka 1923. Alishambulia kahawa, na pia viazi vikuu na mbaazi, vyakula vya nyumbani. Wataalamu walidhani kwamba ni mdudu anayejulikana katika nchi nyingine, wakaleta maadui zake kutoka mbali. Maadui hao hawakumwezea. Mwaka 1935 mtaalamu R. H. Le Pelley alieleza kwamba huyu ni mdudu wa aina yake, akampa jina la Kenya. Lakini kwao hasa kulikuwa Uganda.

Ndipo wataalamu wakauliza swali la busara: Mbona huko Uganda mdudu huyu yupo, lakini haleti hasara kubwa? Walipokwenda kutazama waliona jibu. Kulikuwa na nyigu wadogo sana waliomla. Nyigu hao, wa jamii ya Anagyrus, waliletwa Kenya, na mwaka 1938 walianza kufunguliwa katika mashamba. Miaka michache baadaye vidung'ata walipungua sana. Mwaka 1959 ilikadiriwa kwamba kazi hiyo, iliyogharimu kama pauni 30,000, ilikuwa imewaokolea wakulima wa kahawa pauni milioni 10.

Nyigu huyu hamwumi mtu. Ni mdogo kama punje ya wimbi. Jike hutoboa kidung'ata na kutaga yai ndani yake. Yai huanguliwa, na funza wake humla kidung'ata kutoka ndani. Kidung'ata huvimba, hukauka, huwa na rangi ya hudhurungi. Ukiona ganda kama hilo lenye tundu la mviringo, furahi: nyigu ametoka, naye amekwenda kutafuta mwingine.

Basi kwa nini vidung'ata huzidi tena katika mashamba mengine? Sababu kubwa ni mbili.

Sababu ya kwanza ni sisimizi. Kidung'ata hutoa maji matamu kama asali, na sisimizi hupenda kuyanywa. Kwa hiyo sisimizi humchunga kama vile wewe unavyochunga ng'ombe wako wa maziwa, na nyigu akija humfukuza.

Sababu ya pili ni dawa kali. Katika miaka ya 1950 na 1960 dawa kali zilinyunyizwa katika kahawa ya Kenya, na wadudu wengine waliokuwa wachache, kama viwavi wakubwa wala majani, wakazidi ghafula. Dawa ilikuwa imewaua askari waliowazuia. Mkulima alilipa fedha ili apate adui mpya.

Kwa hiyo, fanya hivi:

1. Tazama kahawa yako kila juma, hasa kati ya vishada vya maua na buni. Tafuta vidung'ata, na tafuta pia maganda yenye tundu.

2. Zuia sisimizi. Funga ukanda wa plastiki kulizunguka shina, ukaze vizuri, kisha upake grisi juu ya ukanda. Usipake grisi juu ya gome lenyewe, kwa maana huenda ikalidhuru.

3. Kata matawi yanayogusa ardhi, na ng'oa magugu marefu. Tawi moja likigusa chini ni daraja la sisimizi, na kazi ya ukanda imepotea.

4. Matawi yenye vidung'ata uliyoyakata usiyachome mara moja. Yaache chini kati ya mistari siku kadhaa ili nyigu walio ndani watoke.

5. Ikiwa hapana budi kupiga dawa, mwulize kwanza Bwana Shamba ni dawa gani, kisha nyunyiza miti iliyoshambuliwa tu, si shamba zima.

Na ninyi mnaopanda nyanya katika nyumba za plastiki, shauri ni lile lile. Huko Uingereza wakulima wa nyanya walianza kutumia nyigu mdogo aitwaye Encarsia juu ya nzi weupe katika miaka ya 1920. Hapa Kenya mashamba makubwa ya maua hufungulia utitiri mwema ambaye humla utitiri mwekundu anayeharibu majani. Lakini ukifungulia askari leo na kunyunyiza dawa kali kesho, umetupa fedha zako.

Neno la mwisho ni kwa wakulima wa skimu za makao. Mashamba yenu yamepakana, na nyigu hajui mpaka wala namba ya shamba. Jirani akipiga dawa kali ovyo, anaua askari wako; nawe ukifanya hivyo, unaua wake. Liongeeni jambo hili katika mkutano wa chama chenu cha ushirika, mkubaliane. Kidole kimoja hakivunji chawa.